Koti la Askari Tulilolishona Itigi

Yustina mwanangu,

Uko hapo uani unacheka na shangazi zako, sauti yako inanifikia dirishani, nami nimejifungia chumbani kama mtu anayeficha sukari. Mambo ya kufunga sanduku, ya kula kwa wakati, ya kutokubali chakula cha mtu usiyemjua kwenye gari la moshi, hayo nimewaachia wao. Wanayasema tangu asubuhi, nawe unaitikia "ndiyo shangazi, ndiyo shangazi" na masikio yako yameshafika Dar es Salaam. Kesho utakapokaa dirishani na vichaka vya Itigi vikaanza kurudi nyuma, fungua hii usome.

Tangu utotoni unawasikia watu wa stesheni wakiniita Mama Koti. Uliniuliza kwa nini, nikakujibu kwamba nilishona koti wakati wa vita. Ni kweli, lakini ni kama kusema mtu alijenga nyumba bila kusema iliungua mara ya kwanza. Sasa unakwenda kujifunza uuguzi, wa kwanza miongoni mwa binti zetu, na sitaki uondoke na jibu la mtoto.

Baba yako alichukuliwa jeshini ukiwa hujaota jino. Hakujitolea. Jumbe alikuja na matarishi, wakachagua vijana wenye vifua, na Ntandu wangu alikuwa na kifua. Tukasikia baadaye kwamba wamevushwa bahari, wamepelekwa Burma kupigana na Wajapani. Hakuna mtu kijijini kwetu Issuna aliyejua Burma iko upande gani. Nilibaki kwa bibi yako, nikilima mtama naye, na kila jioni tulikaa kimya, yeye akimwaza mwanawe, mimi nikimwaza mume wangu, kila mmoja akidhani huzuni yake ndiyo kubwa.

Nikachoka na kimya kile. Habari za askari zilikuja kwa reli, kwa hiyo nikataka kukaa karibu na reli. Kushona nilikuwa nimefundishwa na masista wa misheni nikiwa msichana. Nikakubeba mgongoni nikaja Itigi, nikapata nafasi ya kushona kwenye baraza la duka la Mhindi mmoja. Bibi yako alipiga kelele Issuna nzima ikasikia: "Mke wa mwanangu ameacha mji akafuata moshi!"

Kumbe moshi huo ulikuwa unaniletea kazi. Wanajeshi walishuka na mahema, wakapiga kambi nje kidogo ya mji, mahali kichaka kinapoanza kuwa kizito kiasi kwamba hata mbuzi anafikiri kwanza. Mkubwa wao alikuwa Kapteni, daktari, mrefu, mwenye pua iliyobabuka kwa jua. Watu walimwita Bwana Jasho, kwa sababu kila askari aliyetoka kutembea alipimwa kwenye mizani, kabla na baada, ili Kapteni ajue ametoa jasho kiasi gani. Wazee wa hapa waliona ni uchawi. Msaidizi wake alikuwa Sajenti Mkumbo, Mnyiramba kutoka upande wa Kiomboi, mtu wa maneno machache na yote makali. Huyo ndiye aliyekuja dukani siku moja akauliza fundi yuko wapi.

"Ndiye huyo," Mhindi akasema.

Sajenti akanitazama, akakutazama wewe mgongoni kwangu, akamtazama tena Mhindi. "Huyu?"

"Huyohuyo. Kama unataka mwanamume, subiri vita viishe, maana wote mmewachukua nyinyi."

Ndivyo nilivyoingia kambini. Bwana Jasho alinieleza kazi, Mkumbo akitafsiri. Kule Burma mvua hunyesha miezi na miezi. Askari analala ndani ya maji, anatembea ndani ya maji, ngozi inaoza, homa inamwangusha kabla hajamwona adui. Akivaa koti la mpira, mvua haiingii, lakini na joto halitoki, anapikwa humo kama muhogo. Alitafuta nguo ya kuzuia mvua, ya kuvumilia miiba, na ya kumwacha mtu apumue.

Nikasema, "Bwana, mbona hapa kwetu mvua hatuijui sana?"

Alicheka Mkumbo alipomaliza kutafsiri. "Mwambie kichaka na joto tumevikuta hapa. Mvua tutaitengeneza wenyewe."

Na kweli waliitengeneza. Pale stesheni pana lile bomba kubwa la kujazia maji injini. Wakafunga chini yake bati lililotobolewa matundu, na injini zikishapata maji yao, askari husimama chini ya bati na makoti mwilini. Stesheni masta alinung'unika kuhusu maji yake kila siku, lakini alikuwa wa kwanza kuja kutazama.

Nimeona watu wakianguka, Yustina. Makoti ya mpira yalipojaribiwa kichakani, askari mmoja, kijana wa Kintinku, alirudi amebebwa, macho meupe, na tulipomvua koti maji ya jasho yalimwagika kama mtungi umepasuka. Alipona. Lakini siku hiyo niliacha kuiona kazi kama ya kunitafutia chumvi tu. Nilimwona Ntandu ndani ya koti lile. Vita havikuwa vyetu, lakini migongo ilikuwa yetu.

Tukajaribu nta. Itigi haikosi nyuki, na nta ililetwa kwa madebe. Tuliiyeyusha, tukaipaka kwenye turubai, tukakausha, nikashona. Maji yaliteleza juu yake kama juu ya jani la yungiyungi. Nilifurahi mpaka nikawa na haraka. Hapo ndipo palipo kosa langu la kwanza, na hakuna mtu mzima wa Itigi asiyelijua. Nilitaka makoti yote yawe tayari ili Mkumbo asipate la kusema. Nikaongeza kuni chini ya nta, nikaenda kukunyonyesha. Nta ikafurika, moto ukaidaka, na banda la kushonea likawaka na kila kilichokuwa ndani, makoti, turubai, meza. Cherehani niliitoa mimi mwenyewe; kovu hili la mkono unalijua.

Nilipoona majivu, nilifunga kitambaa changu kichwani nikakubeba tayari kwenda Issuna. Sikungoja kufukuzwa. Nilikuwa nimeshafika njia ya stesheni Mkumbo aliponikuta.

"Unakwenda wapi, Mama Yustina?"

"Nyumbani. Nimewaunguzia kazi."

"Kapteni anakuita."

"Anitukane?"

"Sijui. Mimi nimeambiwa nikuite."

Bwana Jasho alikuwa amechuchumaa kwenye majivu, ameshika kipande cha turubai la nta ambacho hakikuteketea chote. Akakitia kiberiti mbele yangu. Kikawaka kama mshumaa. Akasema, na Mkumbo akanigeuzia: "Askari hulala karibu na moto wa kupikia. Afadhali limeungua hapa bila mtu ndani yake. Sikulifikiria hili, na lilikuwa jukumu langu kulifikiria. Kesho tutaanza upya. Lakini nta usiiache tena peke yake."

Hayo tu. Nimekaa na maneno hayo miaka yote, na ninakupa jinsi yalivyo. Utakosea huko hospitali, kwa sababu kila mtu hukosea, na miguu yako itataka kwenda stesheni. Ukikosea, kaa hapo. Mwenye kukaa karibu na majivu yake huona ndani yake kitu ambacho aliyekimbia hakioni.

Tukaanza upya. Bwana Jasho alikuwa ameletewa kutoka Ulaya jora la kitambaa cha pamba kilichofumwa kwa kubana sana. Alinionyesha kwa lenzi: nyuzi zake zikilowa huvimba, zikivimba huziba matundu, na maji hayapiti; zikiwa kavu, hewa inapita. Lilikuwa jambo la ajabu, na waliolifikiria walikuwa na akili. Tatizo lilikuwa kwenye mshono. Kila pale sindano ilipopita, maji nayo yalipita. Hapo nta ikarudi, kidogo tu: nikapitisha uzi kwenye nta kabla ya kushona, nikakunja mshono mara mbili, mmoja ukimfunika mwenzake. Kapteni akachora mpasuko mgongoni wenye kifuniko juu yake, kama paa linavyoufunika ukuta, joto litoke na mvua isiingie. Mchoro wake ulikuwa mzuri, lakini mikono ya kwanza niliyoikata ilikuwa mibaya. Askari hakuweza kuinua bunduki. Nikaifumua. Nikakata tena. Nikafumua tena.

Halafu ikaja ile ya shingo. Mkumbo ndiye aliyekuwa akilivaa kila siku kichakani, na jioni moja akaniambia, "Kola inanikata."

Nilikuwa nimechoka na maneno yake. Nikamjibu mbele ya watu, "Shingo yako laini kama ya mtoto, Sajenti. Kola haina kosa."

Alifungua vifungo akanigeuzia shingo. Ngozi ilikuwa imechubuka mviringo wote, mbichi, na jasho limeingia humo. Alikuwa ametembea hivyo siku nzima bila kusimama, kwa sababu Kapteni alitaka safari ikamilike. Niliona aibu, nikasema, "Nisamehe, ndugu yangu," nikamwita ndugu kwa mara ya kwanza. Naye akasema, "Basi shona." Usiku huohuo nikaitoa ile kola, nikaweka nyingine ya kitambaa laini kwa ndani.

Utawakuta wagonjwa watakaokuambia panauma mahali ambapo wewe umeambiwa hapaumi. Muombe akuonyeshe shingo kwanza. Aliyelivaa koti ndiye anayejua linapokata, hata kama aliyelishona ni hodari.

Sasa nikueleze siku yenyewe.

Meja mmoja alikuja kutoka Nairobi kwa gari la moshi, kuona kama fedha na maji ya serikali vinaharibika bure. Kwa madaraka yake makubwa tulijua akisema hapana, mahema yanang'olewa siku hiyohiyo. Makoti mawili mapya yalikuwa tayari, moja la Mkumbo na moja la askari mwenzake mfupi. Asubuhi yake yule mfupi akaamka na homa, anatetemeka mpaka kitanda kinalia. Na kama hiyo haikutosha, nani anashuka kutoka kwenye lori la mtama? Bibi yako, fimbo mkononi, amekuja kutoka Issuna kunirudisha.

"Shikamoo mama," nikapiga magoti.

"Marahaba. Funga vitu vyako."

"Mama, leo kuna wageni. Ningoje mpaka jioni."

"Nimengoja vya kutosha."

Wakati tunasema hayo, Bwana Jasho na Mkumbo wanashauriana nani avae koti la pili. Askari wengine wote walikuwa warefu, lingewabana na Meja angeona kasoro isiyokuwepo. Nikalitazama lile koti. Lilikuwa kimo changu. Nikasema, "Nitavaa mimi."

Kapteni akakataa. Kazi ile si ya mwanamke mwenye mtoto mchanga, jua ni kali, mzigo ni mzito. Mkumbo alitafsiri huku akitazama chini. Nikamwambia, "Mwambie nimelishona mimi. Kama linapika watu, linipike mimi kwanza. Mume wangu yuko huko Burma, anavaa nini sijui."

Nikasikia bibi yako nyuma yangu: "Nipe mtoto."

Nilidhani anakuchukua arudi nawe Issuna. Nikakufungua. Yeye akakufunga mgongoni kwake, akakaza kanga fundo mbili, akasema, "Haya, nenda. Umesema ni kwa ajili ya Ntandu. Lakini ukianguka, jioni hii tunalala Issuna."

Nikavaa koti, nikabebeshwa mfuko wa mchanga, nikaingia kichakani nyuma ya Mkumbo. Mwanangu, unakijua kichaka chetu. Hakina kivuli cha kukaa wala nafasi ya kupita, ni fimbo na miiba imesukana kama nywele zisizochanwa. Miiba ilikwaruza koti kwa sauti ya kucha kwenye bati. Mabega yaliwaka. Jasho liliniingia machoni. Lakini kila nilipoinua mikono nilihisi hewa ikipita mgongoni, ndogo, kama mtu anakupulizia. Nikaanza kuisubiri. Nikawa natembea kutoka pumzi moja hadi nyingine. Mbele yangu Mkumbo aligeuka mara moja tu, akauliza, "Uko?" Nikajibu, "Niko."

Tulipotokea upande wa reli, mji mzima ulikuwa umekusanyika bombani. Hatukupewa nafasi ya kupumzika. Tukasimama chini ya bati, stesheni masta mwenyewe akafungua bomba.

Sijawahi kusikia kishindo kama kile. Maji yalinipiga kichwani mpaka nikafumba macho. Nilisubiri baridi iingie begani, kwenye mshono niliokunja mara mbili. Haikuingia. Nikasubiri kwapani. Haikuingia. Tone moja likanipenya shingoni, moyo ukaruka, kisha nikakumbuka kofia ya koti sikuifunga vizuri, nikaikaza, likawa la mwisho. Bomba likaendelea na kuendelea. Meja alikuwa amesema lisifungwe mpaka aseme yeye, na alikuwa hana haraka.

Lilipofungwa, masikio yangu yalikuwa bado yanavuma. Meja akanionyesha kwa mkono: fungua. Nikafungua vifungo kimoja kimoja mbele ya watu wote. Gauni langu la maua, lile la kuendea kanisani, lilikuwa na jasho kwapani kama la mtu aliyetoka kulima, basi. Kwingine kote lilikuwa kavu. Nilishika pindo lake nikalipeperusha, likapepea! Nguo iliyotoka chini ya bomba la injini ikapepea mbele ya Itigi nzima. Meja akatia mkono ndani ya shati la Mkumbo, akautoa, akautazama, akausugua na mwenzake. Akasema neno fupi. Bwana Jasho akavua kofia akairusha juu, haikumjia tena mkononi, ilikwenda kunasa kwenye nguzo ya taa.

"Amesemaje?" nikamuuliza Mkumbo.

"Koti linakwenda Nairobi kesho, kisha kule mbele." Halafu mtu yule wa maneno machache akaongeza, "Na mimi nimeomba niende nalo."

Wa kwanza kupiga vigelegele alikuwa bibi yako. Alivipiga akirukaruka nawe mgongoni, ukaanza kulia, naye hakuacha. Aliwaambia watu wasiomjua, "Huyo ni mkwe wangu! Mke wa mwanangu huyo!" Tulikaa naye Itigi wiki ile, na hakutaja tena moshi.

Usidhani baba yako aliokolewa na koti langu. Alirudi, mwembamba, mwenye homa za kuja na kwenda, akanieleza kwamba kikosi chao kilipewa makoti mengine, na yetu yaliwafikia waliokuja nyuma yao. Nililia. Nilimwambia, "Nilishona kwa ajili yako." Akanijibu, "Wake zao nao walikuwa wanalia." Ilinichukua muda kukubali. Mtu huanza kazi kwa ajili ya mpenzi wake mmoja, na kazi ikiwa njema huenda ikamsaidia mtu ambaye hatamjua kamwe. Wewe utawaosha vidonda watu ambao si baba yako. Waoshe tu. Mahali pengine mtoto wa watu anamwosha baba yako.

Mkumbo alipita hapa kwa treni akirudi kwao. Gari lilisimama kidogo tu, akanitafuta kwa macho kutoka dirishani, akaita "Mama Yustina!" Nikakimbia. Akaniambia kwa haraka kwamba kuna mlima kule walikonyeshewa usiku na mchana bila kukoma, wakalala wamekaa, wamejifunika makoti. Kulipokucha, hakuna aliyekuwa na kitu kikavu mwilini ila yeye na wachache wenye makoti yale. Hapo akatoa kiberiti kutoka mfuko wa ndani wa koti, akakipiga, kikawaka. Wakawasha moto, wakachemsha chai, na waliokuwa wameshaacha kusema wakaanza kusema.

"Kiberiti kiliwaka mara ya kwanza?" nikauliza.

"Mara ya kwanza, dada."

Treni ikaondoka. Nilisimama pale nikicheka peke yangu kama mwehu, na watu wa stesheni, walioanza siku ile kuniita Mama Koti, wakacheka nami bila kujua ninacheka nini.

Sitakuficha kwamba makoti yale baadaye yalikatwa kwenye viwanda vya mbali, yakabadilishwa hapa na pale, na hakuna aliyeandika juu yake jina la Itigi. Haijanisumbua. Nilikuwepo. Najua tulichofanya, mimi Mnyaturu na Mkumbo Mnyiramba na daktari wa Kizungu, na maji ya stesheni masta.

Baba yako ameingia sasa hivi kuuliza kama nimemaliza. Amekuwa akizungukazunguka nyumba tangu alasiri, amekaza kamba za sanduku lako ambazo zilikuwa zimekazwa tayari. Nimemuuliza ana neno gani la kukuongezea. Amesimama mlangoni akafikiri, kisha akasema: "Huko watakuwepo wasichana wa mjini, watamuuliza ametoka wapi, na watauliza kwa namna fulani. Mwambie asijibu kwa kunong'ona. Aseme Itigi, na aseme kwa sauti."

Mimi sina cha kuongeza hapo.

Anayekupenda na kujivunia wewe,
Mama yako, Salome wa Ntandu